Ng'ombe Jike Bora, Msingi wa Kundi la Nyama

Mfugaji wa ng'ombe wa nyama huuza kilo, lakini kilo hizo hazianzii mnadani wala kwenye zizi la kunenepeshea. Huanza siku jike anaposhika mimba, huongezeka kwa maziwa anayomnyonyesha ndama wake, na hukosekana zote iwapo jike huyo atakaa mwaka mzima bila kuzaa. Ng'ombe wa maziwa hulipia malisho yake kila anapokamuliwa, asubuhi na jioni. Jike wa nyama hulipa mara moja tu kwa mwaka, na malipo yake ni ndama aliye hai na mwenye afya. Mwaka ukipita bila ndama, gharama za maji, dawa za kuogesha, chanjo na ujira wa mchungaji zimetumika kwa ng'ombe ambaye hakurudisha chochote.

Pamoja na hayo, fedha na maneno mengi ya wafugaji huelekezwa kwa dume. Hilo lina sababu yake ya kihesabu. Dume mmoja hutosha majike 25 hadi 30 kwa msimu, kwa hiyo damu yake huenea haraka kuliko ya jike yeyote. Pale ambapo mitamba ya kuendeleza kundi huzaliwa zizini humo humo, madume matatu ya mwisho kutumika, kila mmoja na kizazi chake, huwa yamechangia zaidi ya asilimia 87 ya damu ya mitamba wapya: nusu kutoka kwa baba, robo kutoka kwa babu, na sehemu ya nane kutoka kwa dume aliyemtangulia. Hesabu hiyo ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba inaishia kwenye damu. Ndama hupokea nusu ya urithi wake kwa mama, halafu hukaa miezi tisa na zaidi tumboni mwake, kisha miezi saba au minane kwenye kiwele chake. Uzito wake siku ya kuachishwa kunyonya hutegemea kwa sehemu kubwa maziwa aliyoyapata, na maziwa hayo hayatoki kwa dume.

Tena dume mwenyewe ana mama. Sifa zinazolipa zaidi katika kundi la nyama, yaani kuzaa kila mwaka, kuwa na maziwa ya kutosha na kumlinda ndama, hazionekani kwenye mwili wa dume hata akiwa na kifua kipana namna gani. Zinajulikana kwa kumtazama mama yake na dada zake. Wafugaji wa asili wa Afrika Mashariki hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Kwa Waborana na Wamaasai, ndama dume huachwa bila kuhasiwa kwa kuangalia sifa za mama yake, na koo za ng'ombe hukumbukwa kwa upande wa majike kwa vizazi vingi. Anayenunua dume la mbegu bila kuuliza habari za mama yake amenunua nusu ya habari.

Ubora wa jike wa nyama hupimwa kwanza kwa uzazi, na tofauti kati ya jike mmoja na mwingine ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Jike anayezaa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu, kisha akarudia kila baada ya miezi 13, atakuwa amezaa ndama tisa kabla ya kutimiza miaka 12. Mwenzake anayeanza akiwa na miaka minne na kurudia kila baada ya miezi 22, mwendo ambao si wa ajabu katika makundi mengi yanayochungwa kwa kuhamahama, atakuwa amezaa ndama watano. Wote wawili wamekula majani yale yale, wamepita josho lile lile na wamelindwa dhidi ya wezi na fisi kwa usiku ule ule. Hakuna dume wa bei yoyote anayeweza kufidia ndama wanne ambao hawakuzaliwa.

Hasara hiyo ina mkia mrefu. Katika kundi la majike 100 ambamo 60 tu ndio wanaozaa kwa mwaka, ndama majike huwa takriban 30. Wakifa asilimia 15, hubaki 25 au 26. Iwapo majike 15 wazee au wenye kasoro wanatakiwa kuondolewa kila mwaka, mfugaji hulazimika kubakiza zaidi ya nusu ya mitamba wake, wazuri na wabaya pamoja. Kundi la ukubwa uo huo likizaa ndama 85, na vifo vikishuka hadi asilimia 5, mitamba hufikia 40. Hapo mfugaji huchagua 15 walio bora na kuwauza 25, wengine wakiwa mbegu kwa jirani. Kwa maneno mengine, majike wanaozaa vizuri ndio wanaompa mfugaji nafasi ya kuchagua, na bila nafasi ya kuchagua hakuna kundi linaloboreka.

Uwezo wa kuzaa mapema na mfululizo hurithiwa kwa kiwango kidogo, takriban sehemu moja ya kumi. Sehemu kubwa iliyobaki hutokana na malisho, afya na usimamizi. Kasi ya kukua hurithiwa kwa kiwango cha juu zaidi, theluthi moja hivi. Ndiyo maana dume mwenye watoto wanaokua haraka anaweza kuonyesha matokeo katika kizazi kimoja, lakini uzazi wa kundi haununuliwi kwa dume mmoja. Hujengwa polepole kwa mambo matatu: kuwalisha majike ipasavyo, kuwaondoa wasiozaa bila huruma, na kuchanganya damu kwa mpango, kwa sababu majike chotara huwa na nguvu ya ziada hasa katika uzazi na maisha marefu.

Mfano mzuri wa jike wa nyama katika ukanda huu ni Boran. Asili yake ni nyanda za Borana kusini mwa Ethiopia, na kutoka huko alienea kaskazini mwa Kenya. Wenye ranchi wa Kenya, hasa Laikipia, walimchagua kwa miongo mingi, na mwaka 1951 wakaanzisha chama cha wafugaji wa Boran kilichotunza kumbukumbu za koo. Leo damu yake imefika Zambia, Afrika Kusini na Australia, sehemu kubwa kwa njia ya viinitete vilivyogandishwa, na ni mbegu inayotegemewa pia katika ranchi za Tanzania. Sifa zilizompeleka mbali zilikuwa za umama: huzaa bila shida, hukaa na ndama wake na kumpigania, hutembea mbali kutafuta maji, hubaki na nyama mwilini wakati majani yamekauka, na huendelea kuzaa hata akiwa na umri mkubwa.

Hiyo haimaanishi kwamba kila mfugaji auze ng'ombe wake anunue Boran. Zebu wa asili wa Tanzania, ambao majike wake huwa na kilo 200 hadi 300, hula kidogo, huvumilia magonjwa na huzaa mahali ambapo jike mkubwa angebaki mifupa. Ankole wa Kagera na nchi jirani za Uganda, Rwanda na Burundi ana nafasi yake, na Mpwapwa, aliyezalishwa katika kituo cha utafiti cha Mpwapwa mkoani Dodoma kwa kuchanganya zebu wa ndani na damu za Sahiwal na Red Sindhi, alikusudiwa tangu mwanzo kufaa kwa maziwa na nyama katika nchi kavu. Kinachotakiwa ni jike ambaye mwili wake unatoshwa na malisho ya mahali alipo. Jike mwenye kilo 550 katika eneo linaloweza kulisha vizuri jike wa kilo 350 hatazaa kila mwaka, kwa sababu chakula chote kitaishia kuutunza mwili wake. Wafugaji wengi huvutiwa na ukubwa wa mama, na hilo ni kosa la gharama kubwa. Ukubwa unaotafutwa ni wa ndama siku ya kuuzwa.

Ukubwa huo wa ndama unaweza kuletwa na dume. Jike wa Boran au zebu mwenye mwili wa kutosha akipandwa na dume wa Charolais, Simmental au Angus, kwa uhimilishaji au kwa dume mwenyewe, hutoa ndama anayekua kwa kasi, na mama wa jamii ya zebu ana kipaji cha kuzuia ndama asiwe mkubwa mno tumboni. Ukigeuza mpango huo, zebu mkubwa akampanda jike wa Kizungu, ndama huzaliwa wakubwa na matatizo ya kuzaa huongezeka. Kwa hiyo upande wa mama ndio unaofaa kubaki na damu ya nchi kavu. Ndama chotara kutoka kwa madume hayo makubwa wanafaa kuuzwa wote, majike kwa madume, na mitamba ya kuendeleza kundi itoke kwenye sehemu ya majike waliopandwa na dume wa mbegu yao wenyewe. Pasipo mpango huo, baada ya vizazi vitatu kundi huwa na majike wakubwa wenye njaa, wanaoshindwa na kupe na jua. Mbegu za uhimilishaji hupatikana kupitia kituo cha taifa cha Usa River mkoani Arusha kwa upande wa Tanzania, na kituo cha Kabete jijini Nairobi kwa upande wa Kenya.

Uchaguzi wa mtamba huanza kabla hajazaliwa, kwa kujua ni mama yupi mwenye haki ya kuacha binti kundini. Mama huyo ni yule aliyezaa kila mwaka, ambaye ndama wake huwa juu ya wastani siku ya kuachishwa, na ambaye hajawahi kusaidiwa kuzaa. Mtamba aliyezaliwa mwanzoni mwa msimu ana sifa ya ziada, kwa sababu mama yake alishika mimba mapema na yeye mwenyewe atakuwa amekomaa zaidi siku ya kupandwa. Pacha jike aliyezaliwa pamoja na pacha dume aondolewe moja kwa moja kwenye orodha: zaidi ya tisa kati ya kila kumi wa namna hiyo ni tasa, kwa kuwa damu ya dume iliingiliana na yake tumboni. Anafaa kunenepeshwa, si kuzalishwa.

Baada ya hapo mtamba hutazamwa akiwa amesimama kwenye kibano, tena bila haraka. Taya la chini liwe limekutana na la juu ili aweze kukata majani mafupi. Mgongo uwe umenyooka, nyonga ziwe pana, na umbali kati ya mifupa ya kalio uonekane, maana ndipo ndama atakapopita. Miguu ya nyuma isiwe imenyooka kama nguzo wala kupinda mno, na kwato zifungane sawa. Jike anayechechemea hafiki malishoni wala hamtoroki simba. Kiwele hutazamwa kwa kuinama na kushika kwa mkono. Chuchu nne, zenye ukubwa wa wastani, zilizo sawasawa, ndizo zinazotakiwa. Chuchu nene zilizovimba kama chupa ni adui wa ndama, kwa kuwa mtoto mchanga hushindwa kuziingiza mdomoni katika saa zake za kwanza, na mama mwenye maziwa tele hujikuta na ndama aliyekufa njaa. Kwa mtamba kasoro hiyo bado haijaonekana, ndiyo maana kiwele cha mama yake kinastahili kukaguliwa siku hiyo hiyo. Kupe wakubwa hupenda kujishika kwenye kiwele, na jeraha moja lililopuuzwa utotoni linaweza kuziba chuchu kwa maisha yote.

Tabia nayo ni kigezo. Mtamba mwenye hofu ya kupita kiasi, anayeruka uzio na kuwashambulia watu kila anapoingizwa kwenye kibano, huwafundisha wenzake tabia hiyo na humrithisha mtoto wake. Ukali wa mama aliyetoka kuzaa, anapomlinda ndama dhidi ya mbwa na fisi, ni jambo jingine kabisa na haupaswi kumponza.

Malezi ya mtamba ndiyo sehemu inayoharibu majike wengi kuliko zote. Yanaanza na dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ambayo ndama anapaswa kuyanyonya ndani ya saa sita. Uwezo wa utumbo wake kupokea kinga iliyomo hupungua saa kwa saa na karibu kwisha ndani ya siku moja. Kisha linakuja suala la kugawana maziwa kati ya ndama na familia. Katika kaya nyingi za wafugaji maziwa ni chakula cha watoto, na ushauri wa kuacha kukamua kabisa hauna maana. Inawezekana, hata hivyo, kumwachia ndama jike chuchu mbili nzima katika miezi mitatu ya mwanzo, na kukamua zaidi wale mama ambao ndama wao ni madume ya kuuzwa mapema. Mtamba aliyenyimwa maziwa utotoni hudumaa, na udumavu huo haufutwi na majani ya mwaka unaofuata.

Lengo la malezi ni kumfikisha kwenye asilimia 65 hivi ya uzito wake wa utu uzima kabla ya kukutana na dume. Kwa Boran ambaye atakuwa na kilo 420, hiyo ni kama kilo 270. Mfano wa Kongwa au sehemu nyingine ya Tanzania ya kati yenye msimu mmoja wa mvua unaonyesha ugumu ulipo. Mtamba amezaliwa Desemba na ameachishwa kunyonya Agosti akiwa na kilo 150. Ili apandwe Februari akiwa na miezi 26, anahitaji kuongeza kilo 120 katika miezi 18, sawa na gramu 220 kwa siku, kiasi kisichotisha. Tatizo ni kwamba kati ya miezi hiyo, kumi ni ya ukame. Akiongeza gramu 400 kwa siku katika miezi minane ya majani mabichi atapata kilo 96, lakini kiangazi kikimnyang'anya kilo 30 atafika Februari akiwa na kilo 216. Hatapata joto, au atapata akiwa amechelewa, na mwaka mzima utakuwa umepotea. Nusu kilo hadi kilo moja ya mashudu ya pamba au alizeti kwa siku katika miezi migumu, pamoja na jiwe la chumvi lenye madini, huzuia hasara hiyo kwa gharama ndogo kuliko thamani ya ndama mmoja. Ngitili za Wasukuma na maeneo ya alalili ya Wamaasai, ambayo hufungwa wakati wa mvua ili yatumike kiangazi, hufaa sana kwa mitamba na mama wenye mimba. Kunenepesha kupita kiasi nako kuna madhara: mtamba aliyejazwa mafuta kabla ya kubalehe huota mafuta kwenye kiwele mahali ambapo tezi za maziwa zingekua.

Upande wa afya, ndigana kali huua ndama wengi, na chanjo yake hudungwa mara moja tu maishani. Ugonjwa wa kutupa mimba, unaoletwa na bakteria wa brusela, unastahili uangalifu wa pekee kwa sababu humwambukiza binadamu kupitia maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma bila glovu. Chanjo yake ya S19 hupewa ndama majike wenye umri wa miezi mitatu hadi minane, na mtaalamu wa mifugo ndiye anayepaswa kuichoma, kwa kuwa ina bakteria hai. Kijusi kilichotupwa kisiachiwe mbwa. Kizikwe au kichomwe, na mama yake apimwe.

Wakati wa kupandisha, mitamba wanafaa kutangulia wiki tatu au nne kabla ya mama zao. Mama wa ndama wa kwanza huchelewa kurudi kwenye joto kuliko mzoefu, na nafasi hiyo ya ziada humwezesha kwenda sawa na kundi mwaka unaofuata. Dume atakayetumika kwao awe ni yule ambaye ndama wake huzaliwa wadogo. Mtoto akikwama, mfugaji anaweza kupoteza wote wawili. Dume aliyezaa mitamba hao asiwepo. Baba akimpanda binti yake, udhaifu uliofichika kwenye damu hujitokeza kwa ndama dhaifu na uzazi unaoshuka. Kwa sababu hiyo dume la mbegu hubadilishwa, au mfugaji hubadilishana na jirani, kila baada ya miaka miwili au mitatu, na madume yasiyochaguliwa huhasiwa mapema, la sivyo uchaguzi wote huharibiwa malishoni na ndama dume ambaye hakuna aliyemtilia maanani.

Kufupisha msimu wa kupandisha uwe siku 60 hadi 90 ni njia rahisi kuliko zote ya kuwatambua majike bora. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 283 hadi 290 hivi, na joto hurudi kila baada ya siku 21. Dume akiingizwa katikati ya Februari na kutolewa mwishoni mwa Aprili, kila jike huwa amepata nafasi tatu, na ndama huzaliwa kuanzia mwisho wa Novemba hadi mwanzoni mwa Februari, mvua zikiwa zimeanza na majani yanachipua. Mnamo Julai mtaalamu hupima mimba kwa mkono. Mtamba aliyelishwa vizuri na kupandwa na dume mzima, lakini hana mimba siku hiyo, ameshajieleza. Apelekwe kunenepeshwa angali kijana, wakati nyama yake ina bei nzuri.

Kipindi kigumu zaidi katika maisha ya jike ni kati ya ndama wa kwanza na mimba ya pili. Bado anakua, ananyonyesha, na anatakiwa kupona tumbo la uzazi, yote kwa wakati mmoja. Katika mwaka wenye siku 365, ukiondoa siku za mimba hubaki siku 82 tu za kurudi kwenye joto na kushika. Kinachoamua kama ataweza ni hali ya mwili siku anayozaa. Katika kipimo cha 1 hadi 9, ambapo 1 ni mifupa mitupu na 9 ni mafuta kila mahali, mama mzoefu anatakiwa awe na 5 na mzazi wa mara ya kwanza 6. Bila mizani, mfugaji hutazama mbavu: zikionekana zote kwa mbali, jike yuko chini, zikionekana mbili za mwisho kwa shida na shina la mkia likiwa na nyama, yuko mahali pazuri. Kumrekebisha baada ya kuzaa ni ghali na huchelewa. Miezi mitatu ya mwisho ya mimba, ambamo ndama tumboni hupata zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake, mara nyingi huangukia kilele cha kiangazi, na hapo ndipo chakula cha akiba kinapofanya kazi kubwa.

Kuondoa majike wasiofaa ni jambo ambalo wafugaji wengi huliona gumu, na ugumu wake unaeleweka. Jike fulani aliletwa na mahari, mwingine ni kumbukumbu ya baba, mwingine ni mzuri wa rangi. Lakini kuna mtego mmoja unaostahili kutazamwa kwa makini. Kundi linaporudi zizini jioni ya mwezi wa tisa, jike anayevutia macho, aliyenona na mwenye manyoya yanayong'aa, mara nyingi ni yule asiye na ndama. Hana wa kumnyonya wala mimba ya kulisha, kwa hiyo kila alichokula kimebaki mwilini mwake. Nyuma yake anakuja jike aliyekonda kiasi, mbavu zikionekana, na pembeni yake ndama mnene anayekaribia nusu ya uzito wa mama. Mnunuzi wa haraka na mfugaji asiye na daftari humpenda wa kwanza. Huyo wa pili ndiye anayelisha kaya, na binti zake ndio wanaofaa kubaki.

Daftari ndilo linalozuia macho yasidanganye. Si lazima liwe na mengi: namba ya hereni ya mama, tarehe ya kuzaa, jinsia ya ndama, dume aliyempanda, uzito wa ndama akiachishwa kunyonya, na matokeo ya kupima mimba. Pasipo mizani, utepe wa kupima kifua hutoa makadirio ya kutosha. Baada ya misimu mitatu daftari hilo huonyesha wazi koo mbili au tatu zinazobeba kundi zima, pamoja na majike ambao wamekuwa wakila bure. Wa kuondoka kwanza ni asiye na mimba na asiye na ndama. Kisha anayepoteza ndama mara kwa mara, mwenye kiwele kilichoharibika, aliyewahi kutokwa na kizazi, na ambaye meno yamekwisha hata hawezi kukata majani mafupi.

Anayenunua majike kwa ajili ya kuanza au kuongeza kundi anapaswa kujiuliza kwa nini muuzaji anamtoa jike huyo. Mnadani wapo mitamba wazuri wanaouzwa kwa ada za shule, lakini wapo pia waliokataliwa na wafugaji wao: tasa, wanaotupa mimba, wenye chuchu mbili. Bora kununua kwa mfugaji au ranchi inayoweza kuonyesha mama na dada za mtamba. Umri husomwa mdomoni: meno mawili makubwa ya mbele huashiria miaka miwili na kidogo, manne takriban miaka mitatu, na manane zaidi ya minne. Mtamba mwenye meno sita ambaye hajawahi kuzaa wala hana mimba aachwe alipo. Kipimo cha brusela kifanyike kabla ya fedha kutolewa, kibali cha kusafirisha mifugo kipatikane, na wageni wakae peke yao siku 30 kabla ya kuchanganywa na kundi.

Ukame hupima mpango wote huu. Ule wa 2021 na 2022 uliwaua ng'ombe wengi kaskazini mwa Tanzania na katika kaunti kame za Kenya, na kama kawaida walioanguka mapema walikuwa mama wenye mimba na wanaonyonyesha, kwa sababu mahitaji yao ni makubwa kuliko ya maksai. Mfugaji anayesubiri hadi ng'ombe wote wamekonda hupoteza bei na hupoteza mbegu. Dalili za mvua kushindwa zikionekana, maksai, wazee na majike wasio na mimba wauzwe wakiwa bado na nyama, na sehemu ya fedha hiyo inunue mashudu na majani makavu kwa ajili ya kundi la msingi: mama vijana waliothibitishwa kuwa na mimba na mitamba bora. Ndama waachishwe kunyonya mapema ili kuokoa mama. Ndama jike aliyezaliwa leo atazaa baada ya miaka mitatu akitunzwa vizuri, na binti yake atahitaji mitatu mingine. Maksai huweza kununuliwa tena mnadani mvua zikirudi. Ukoo wa majike uliochaguliwa kwa miaka 20 hauuzwi mahali popote, na katika kundi lolote la nyama unapaswa kuwa wa mwisho kuguswa.